Vipimo vya Ziwa Nilivyovifungia Sandukuni

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ujiji, mwanangu, nilipokemewa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, hadi nikatamani kurudi kitandani. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, mpenda nyumbani kweli kweli. Safari yangu ndefu ilikuwa sokoni Mwanga, na hata huko nilikuwa na haraka ya kurudi. Basi nikajipa kazi ya kulitazama ziwa. Kila siku nilipima maji yamefika wapi kwenye jiwe moja, nikaandika daftarini, kisha nikalifungia sandukuni. Niliogopa wajanja wa kijiji cha Ilagala wasije wakaniibia utaalamu.

Mwaka wa tatu niliona maji yanapanda kuliko kawaida. Nikanyamaza, eti mpaka nikamilishe kazi yangu kubwa. Shangazi Zuhura, aliyeishi kwa kuanika dagaa, akajenga vichanja vipya karibu na maji. Haikupita wiki, mawimbi yakavibeba pamoja na dagaa wake. Nami, kwa akili zangu, nikamkimbilia na daftari kumwonyesha kwamba nilijua!

"Ulijua?" akaniuliza. "Na nitajuaje kama hukuyaandika haya jana? Nani mwingine ameyaona?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi wewe si mtaalamu, baba. Wewe ni sanduku lenye miguu."

Mwalo mzima ukacheka. Mpaka leo wapo wanaoniita Sanduku.

Kesho yake nikabandika vipimo vyote kwenye ukuta wa banda la samaki, jina langu chini. Mvuvi mmoja wa Ilagala, mmoja wa wale wale wezi niliowaogopa, akasoma, akatikisa kichwa: "Kijana, siku za upepo mawimbi yanakudanganya. Pima alfajiri, ziwa likiwa limetulia." Nikasahihisha, nikaandika na jina lake. Akaenda kunitangaza kwao. Msimu uliofuata watu walikuja kuniuliza kabla ya kujenga, Shangazi akiwa wa kwanza: "Haya Sanduku, funguka."

Sasa nasikia umemaliza utafiti wako wa dagaa, na umeuficha kwenye kompyuta usiibiwe. Mwanangu, nawe umerithi sanduku? Uweke mtandaoni, usomwe bure, pamoja na takwimu, tarehe na namna ulivyopima. Akitokea wa kuchukua bila kukutaja, tarehe itakusemea. Anayekukosoa mshukuru mbele za watu. Hivyo ndivyo watakavyokujua na kukuamini.

Mungu akupe wasomaji wengi, wakosoaji wenye adabu, na vichanja visivyofikiwa na maji.