Sonara Aliwahi Kulishika Jiwe la Pete Yangu

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, nauza vitenge Musoma mjini. Mchumba wangu ni mfanyabiashara wa dhahabu anayekwenda na kurudi machimbo ya Buhemba, na nyumba yake iko Kabasa, Bunda. Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani mara mbili. Nawaandikia kwa sababu naogopa, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Aliponivisha pete ya almasi aliniambia kaninunulia mpya Mwanza. Akaongeza, "Kidole kikivimba usiende kwa fundi yeyote. Niambie mimi." Nikaona ndiyo mapenzi hayo. Shida ilikuwa shoga yangu wa duka la jirani, kila nikipita ananitania: "Hicho si kipande cha chupa ya soda?" Nikasema ngoja nimfunge mdomo. Nikaipeleka kwa mzee mmoja sonara, bila kumwambia mtu.

Mzee akaipulizia pumzi, ukungu ukapotea hapo hapo. Kioo, alisema, kingebaki na ukungu kidogo. Akaiweka juu ya karatasi nyeupe kutazama rangi, maana almasi nyeupe kadiri inavyokosa umanjano ndivyo bei inavyopanda. Akaigeuza kwenye mwanga kuona mchongo, akanieleza kwamba karati ni uzito tu. Jiwe kubwa lililochongwa vibaya linaweza kushindwa na dogo linalowaka. Nikamkumbuka baba yangu kule Butiama anavyokagua ng'ombe, meno, nundu, kwato, wala hana haraka. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Kisha akaweka kioo cha kukuzia jichoni, kutafuta dosari za ndani. Akakishusha, akanitazama mimi.

"Binti, umelitoa wapi?"

"Kaninunulia mchumba wangu. Ni feki?"

"Ingekuwa feki ningefurahi. Ndani kuna ufa mdogo kama unyoya, na vidoa viwili pembeni yake. Mawe mawili hayafananagi dosari. Hili nimelisafisha mimi. Kuna dada wa Bunda alikuwaga analileta hapa, anasema mchumba wake kampa. Siku hizi simuonagi."

Akanionyesha mstari mwembamba upande wa ndani wa pete. "Hapa ilikatwa, ikaungwa tena. Si kazi yangu. Tunakataga hivi kama pete iko kidoleni na mtu hawezi kuivua."

Mchumba wangu aliniapia kwamba hajawahi kumvisha mwanamke pete. Nikairudisha pete kidoleni, nikatoka.

Nikaenda Butiama kumweleza baba. Huyu ndiye aliyekataa ng'ombe mmoja wa mahari yangu kwa sababu alama ilikuwa imechomwa juu ya alama nyingine. Alisema ng'ombe wa namna hiyo huja na watu nyuma yake. Nikajua ataelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, zile ng'ombe kaka yako ameshaoa nazo. Unataka tukamrudishe mke wake kwao na mimba? Pete zinakatwaga tu." Hakunitazama. Mama alilia jikoni.

Jana mchumba wangu akapiga simu, hata salamu hakuna. "Yule mzee alikwambia nini?" Nikamuuliza mzee gani. Akacheka kidogo. "Kidole kimevimba?" Leo asubuhi nimepita kwa sonara, pamefungwa, na majirani zake hawajui alipo.

Jumapili hii padre atasoma tangazo la mwisho na kuuliza kama kuna anayejua kizuizi. Nikinyamaza, naolewa. Nikisema, wifi yangu anarudishwa kwao na mimba yake, na baba hatanisamehe. Pete bado iko kidoleni, naogopa kuivua na naogopa kubaki nayo. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na wewe dada wa Bunda, kama uko hai na unasoma hapa, niandikie hata neno moja.