Kabati Kabla ya Nyumba

Asubuhi moja niliondoka Usenge bila sababu yoyote. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimekaa pale miezi kadhaa nikiwasaidia akina mama kuanika omena, dagaa wa Ziwa Victoria, na siku hiyo lori la wanunuzi lilikuwa na nafasi juu ya magunia, nikapanda. Tangu nilipoacha shule darasa la saba nimehama hivyo hivyo, na sikuwahi kumiliki kitu nisichoweza kukibeba begani.

Kisumu nilishuka nikaanza kutembea tu, nikiangalia nyumba za zamani zenye veranda pana. Penye lango moja lililokuwa wazi, vyombo vya nyumba nzima vilikuwa vimetolewa kwenye nyasi. Mama mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, raba miguuni, alikuwa akiuza kila kitu ili ahamie kwa binti yake. Watu walijazana kwenye friji. Kando, chini ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na kabati fupi la vyombo ambalo hakuna aliyelitazama.

Niliinua kitambaa. Mvule mtupu, rangi ya chai kavu. Miguu yake ilipungua unene kuelekea chini na kutanuka nje kidogo, na milango yake miwili ilisukumwa kando badala ya kufunguliwa. Nilivuta droo, nikaona mbao zimeshikana kwenye kona kama vidole vilivyofumbatana. Nikalala chali kwenye nyasi nitazame chini yake.

"Wewe, umepoteza nini huko chini?" mama akauliza.

"Natafuta msumari, Mama."

"Utatafuta mpaka usiku. Fundi Kalasinga alitengeneza hii wakati naolewa. Msumari alikataa kabisa." Akanionyesha lango kwa kidevu. "Asubuhi seremala amekuja, anataka kukata ikuwe mbao ya kitanda. Nimefukuza."

Nikamwambia nalitaka lilivyo.

"Nyumba yako iko wapi?"

"Bado sina, Mama."

Akarudisha kitambaa juu ya kabati. "Basi hapana. Kabati haikai barabarani. Tafuta nyumba kwanza. Jioni nafunga geti, na kesho dalali anabeba yote imebaki."

Sijui ni nini kilichoniingia. Mimi ambaye sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja nilijikuta nikienda mbio mtaa wa Kaloleni kuulizia chumba. Nilimpata mama mwenye nyumba ameketi mlangoni akikata sukuma wiki. Chumba kilikuwepo.

"Vitu vyako viko wapi?"

"Ni hii begi."

Akacheka. "Omera, ndugu yangu, watu wa begi nawajua. Kodi ikifika, naamka napata mlango wazi, mtu hakuna. Mimi napangisha mtu ako na vitu."

"Niko na kabati."

"Iko wapi?"

"Iko kwa mama mwingine. Lakini hawezi kuniuzia mpaka niwe na nyumba."

Kisu kilisimama. Akamwita jirani aje asikie maneno haya. "Kwa hivyo yeye anangojea mimi, na mimi nangojea yeye?"

"Ndiyo, Mama."

Wakacheka wote wawili mpaka nikaona aibu. Kisha akapangusa mikono kwenye leso. "Twende nione hiyo kabati."

Tulifika mama wa Kihindi akianza kuvuta lango. Alimsalimu mwenzake kwa Kijaluo safi, kama mtu aliyezaliwa Asembo, na tangu hapo sikuhitajika tena. Mama mwenye nyumba alivuta droo zote, akanusa ndani, kisha akashika upande mmoja ajaribu kuliinua. Halikutikisika.

"Hii hawezi kuhama nayo usiku," akasema.

"Mlango yako ni pana?" mama wa Kihindi akamuuliza.

"Pana. Ni nyumba za zamani hizo."

"Na ukuta haina maji?"

"Upande mmoja tu, wakati wa mvua. Ataweka ule mwingine."

"Asiweke sufuria moto juu yake."

"Nitamwangalia."

Nilisimama katikati yao kama bibi harusi anayejadiliwa na pande mbili. Mwishowe mama wa Kihindi alinigeukia. "Haya, sasa iko nyumba. Lete mkokoteni." Nikamlipa kwa pesa nilizopata kwenye omena, nikakimbia barabarani kuuita.

Mwenye mkokoteni alisukuma akinitania njia nzima. "Bwana, mke ako wapi? Ama umeoa kabati?"

Kabati liliingia mlangoni bila kugusa. Tuliliweka kwenye ukuta mkavu. Nilitia humo mashati yangu mawili, nikasukuma mlango, nao ukateleza bila sauti. Nikaufungua tena, nikaufunga tena.

Mama mwenye nyumba alikuwa bado amesimama kizingitini. "Kodi ni mwanzo wa mwezi," akasema. "Na kufuli unanunua yako."

Nikaenda dukani kununua kufuli, la kwanza maishani mwangu.