Siyo Mvua ya Mawe Iliyomtoa Kaka Jicho

(Jina na kijiji cha mwandishi tunavijua. Ameomba tuvifiche, tumevificha.)

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, nina mke na watoto watatu, nalima mahindi huku Uhehe, upande wa Mufindi. Mkitaka kunitukana nitukaneni, nastahili, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mwaka huu mvua ya mawe ilipiga bonde letu alasiri moja. Shamba la kaka yangu mkubwa liliraruka lote. Langu, ng'ambo ya kijito, halikuguswa hata jani. Jioni ile ile jumbe wa kijiji akatangaza kwamba Bwana Shamba atapita kukagua, na serikali itawalipa walioharibikiwa. Badala ya kumshukuru Mungu, mimi nikawaonea wivu watu waliopata hasara!

Kwetu, siku inayofuata mvua ya mawe hakuna anayegusa jembe. Ni mwiko, maana ni kuyaita mawe yarudi. Nilijua mashambani hakuna mtu. Nikachukua rungu, nikaenda kuyapiga mahindi yangu mwenyewe mchana kweupe, mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Kaka akanikuta, alikuwa anatafuta mbuzi wake aliyepotea.

"We mwana wa mama, una wazimu? Watoto watakula nini?" Akanizaba kofi. "Acha, ama naenda kwa jumbe sasa hivi!"

Neno hilo likanipandisha mori. Nikampiga rungu la uso. Alianguka, nikampiga tena akiwa chini, nikaongeza la tatu. Nilipoacha, jicho lake la kushoto lilikuwa limepasuka, damu inamwagika kwenye mahindi, naye ananiita kwa jina langu la utotoni.

Hospitali alimwambia daktari, "Ni mvua ya mawe ya jana, bwana." Bwana Shamba alipokuja akamwambia hivyo hivyo, akaongeza kwamba na shamba langu limepigwa. Nikalipwa. Nikaezeka nyumba kwa mabati. Kaka hakuniomba hata senti.

Sasa watu wanasema mawe hayakumjeruhi mtu mwingine yeyote, kwa hiyo kaka ndiye aliyeyaita, ni mchawi. Wiki iliyopita walimpiga mateke mbele ya watoto wake, wakachoma ghala lake. Nilikuwapo. Mtu mmoja akanitia jiwe mkononi, wote wakanitazama. Nikaogopa, nikalitupa. Lilimpata kaka begani. Aliniangalia kwa jicho lile moja.

Kesho yake nilimfuata nikalia, nikamwambia, "Kaka, waambie ukweli."

Akajibu, "Mimi siwezi kukufunga, mdogo wangu. Ukitaka ukweli usemwe, useme wewe."

Wazee wamempa mpaka mwisho wa mwezi ahame. Nikisema, najua jela inaningoja, na wanangu watabaki na njaa, maana mahindi niliyaua mwenyewe. Mke wangu hajui lolote, kila siku anayasifu mabati. Nimejaribu mara mbili kwenda kwa jumbe, nikageuzia njiani. Mimi ni mwoga, wala sifichi.

Asubuhi ya leo kaka amekuja na jembe lake, kaliegemeza mlangoni kwangu. Anasema akishaondoka, shamba lake nilime mimi, lisije likaota magugu. Jembe lipo hapo hapo, nimeshindwa kulishika.

Ndugu zangu wasomaji, nishaurini, nifanye nini?