Damu Iliyofutwa Kabla ya Kupimwa

Jumanne ya pili ya mwezi wa Machi, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimeketi mezani nyumbani kwangu mtaani Bugolobi nikiandaa somo la wanafunzi wangu wa ukunga, na nikajikuta nasoma ukurasa mmoja kwa mara ya tatu. Ulikuwa muhtasari wa utafiti kuhusu akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Utafiti huo ulifanyika katika hospitali za nchi kadhaa za Afrika, nyingine majirani zetu, zenye uhaba tunaoujua sisi. Waliyoyagundua watafiti yalielezeka kwa maneno machache. Damu isikadiriwe kwa macho, ikusanywe na kupimwa. Ikifika kiwango cha hatari, tiba zote zitolewe kwa pamoja, badala ya kujaribu moja, kungoja, kisha kujaribu nyingine. Wakunga waliofuata utaratibu huo waliitambua hatari mapema, na akina mama waliofikia hali mbaya walipungua.

Katika tiba hizo, hapakuwa na dawa hata moja iliyokosekana kwenye kabati la wodi tunayofundishia. Nilisimama, nikaizunguka meza, nikaketi tena. Nimefundisha ukunga zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki asubuhi nyingine ambayo karatasi ilinifurahisha hivyo.

Katika chumba cha pili alikuwa amelala mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Gulu, mwenye mimba ya miezi minane. Mumewe ni askari na alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, kwa hiyo alikaa kwangu. Uzazi wake wa kwanza ulikaribia kumuua. Alijifungulia katika wodi hiyohiyo ninakopeleka wanafunzi, nami nilikuwepo. Kwenye faili paliandikwa kwamba damu iliyotoka ni ya kawaida. Kabla ya saa moja kupita midomo ilikuwa imempauka na hakuitika alipoitwa. Aliokolewa kwa damu ya kuongezewa, iliyopatikana kwa bahati. Sasa siku za uzazi wa pili zilikuwa zikikaribia, na wiki ile alikuwa ameniuliza mara mbili kama safari hii atapona. Mara zote mbili nilimpa jibu la kialimu, refu na lisilo na kitu ndani.

Nilienda kumwamsha.

"Mama mdogo, nyumba inaungua?"

"Haiungui. Kaa, nikusomee kitu."

Alisikiliza huku ameshika tumbo. Nilipomaliza aliketi wima. "Kwa hiyo siku zote hizo mlikuwa hampimi?"

"Tulikuwa tunatazama."

"Mlikuwa mnatazama," alirudia, kisha akavuta shuka. "Basi nenda ukawaambie wapime. Mimi sina miezi mingi ya kukungoja."

Wodi yenyewe ni ndogo, na ina utaratibu ambao mgeni hawezi kuuelewa mara moja. Kila mama huja na shuka lake la plastiki jeusi, ambalo hutandikwa chini yake. Mtoto anapotoka, damu huteleza juu ya plastiki hadi sakafuni. Hapo hapo mfanyausafi huingia na ndoo ya maji ya klorini kupiga deki, kwa maana mama mkwe na shangazi wako nje ya mlango, na kuwakaribisha kwenye sakafu yenye damu huonekana ni kumvunjia mzazi heshima. Mkunga kiongozi wa wodi, ambaye sote tunamwita Inchaji, huisifu sakafu yake kama wengine wanavyosifu watoto wao. Nami niliwafundisha wanafunzi kuisifu. Siku mpwa wangu alipojifungua kwa mara ya kwanza niliitazama sakafu ile kavu, yenye kung'aa, nikaamini kwamba mambo ni shwari.

Mfanyausafi wetu ni mama wa Kinubi, mtu mzima, aliyeanza kazi pale kabla Inchaji hajafika. Mimi na yeye huzungumza Kiswahili, kwa kuwa baba yangu alikuwa polisi na wake alikuwa mwanajeshi, na sote tulikulia kambini, ambako lugha ni Kiswahili. Nilimkuta uani akisuuza matambara.

"Mama, uliwahi kuona siku ambayo damu ilikuwa nyingi kuliko tulivyoandika?"

Alicheka. "Madamu, mimi hapana kusoma faili. Mimi najua ndoo. Mzazi akiwa sawa, mimi namwaga maji mara moja. Siku ya huyu mtoto yako, mimi namwaga mara tatu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Alikamua tambara hadi tone la mwisho. "Inchaji alisema tu, haraka, haraka, wageni wanakuja."

Niliitazama ndoo yake. Kwa miaka yote hiyo kipimo kilikuwa mikononi mwake, na kila alipomaliza kazi vizuri tulimpongeza kwa kukimwaga.

Inchaji hakulipokea kwa shangwe pendekezo langu kwamba deki ingoje mpaka damu ipimwe. Tulizungumza Kiganda, na hapa natafsiri.

"Unataka wakwe waingie wakute dimbwi? Watasema wodi yangu ni machinjio."

"Wangoje nje dakika chache."

"Wewe hujawahi kumngojesha mama mkwe wa Kiganda. Na mimi nina macho, mwalimu. Nimezalisha mpaka wajukuu wa niliowazalisha."

"Basi tuyajaribu macho hayo."

Kesho yake, baada ya chai ya saa nne, nilitandika shuka la plastiki kwenye kitanda kitupu. Nilikuwa nimechanganya maji na rangi nyekundu ya keki na kuyapima kwenye jagi bila mtu kuona. Niliyamwaga juu ya shuka, mengine kwenye pamba, mengine yakatiririka chini. Kila mmoja aliandika makadirio yake kwenye kipande cha karatasi. Wanafunzi wangu waliandika kidogo mno. Inchaji aliandika kidogo kuliko wao. Mfanyausafi, ambaye alikuwa ameegemea mlango, hakutaka karatasi. Alichungulia chini ya kitanda, akabonyeza pamba kwa kidole, akasema, "Hii nusu ya jagi yako kubwa, na kikombe moja juu."

Alikosea kwa kijiko labda. Wanafunzi walianza kupiga makofi, kisha wakakumbuka nani amekaa mbele yao, wakaacha.

Inchaji alizitazama karatasi, yake ikiwa juu. "Haya, mama. Njoo nikuvalishe koti langu."

"Koti yako ndogo, Inchaji. Mimi nipe chai."

Inchaji alicheka kwanza, nasi tukafuata. Alikwenda mwenyewe kuichukua birika. Aliporudi alikuwa mwekundu wa macho, na alipomimina chai alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mama wawili anaowakumbuka kwa sura, na kwamba jioni ile atayatafuta mafaili yao.

Tulifanya kazi wiki nzima kwa hamu ya wasichana wa bweni wanaoandaa sherehe. Shuka la plastiki tulilikunja upande wa miguuni likawa mfereji unaoingia kwenye beseni, na ukutani tukatundika jagi lenye alama. Alama ya nusu lita tuliizungushia utepe mwekundu. Pamba zilipimwa kwenye mizani. Dawa za dharura tuliziweka pamoja kwenye sanduku moja. Na amri mpya ilikuwa hii: hakuna deki mpaka mkunga asome kipimo, na mfanyausafi ana ruhusa ya kuita mtu yeyote, hata Inchaji mwenyewe, akiona ndoo haitatosha. Wakwe walinung'unika. Inchaji alitoka nje kuwaeleza kila mara, na nilimsikia akiwaambia kwa fahari ileile aliyoiweka zamani kwenye sakafu.

Mpwa wangu nilimpeleka kuiona wodi hiyo mapema. Aliugusa utepe mwekundu. "Nikifika hapa je?"

"Ukifika hapo hatungojeani tena. Wote tunakuja."

Aliitikia kwa kichwa, lakini mkono wangu hakuuachia hadi tulipofika getini.

Dada yangu hataki kusikia habari za damu kwenye simu, kwa sababu huisikiliza mbele ya majirani. Hii ndiyo barua niliyompelekea kwa basi la Gulu, wiki tano baadaye.

*Dada mpendwa,*

*Nilikuambia kwa simu kwamba mtoto ni wa kike na wote wazima. Yaliyobaki nayaandika hapa, uyasome ukiwa peke yako.*

*Alijifungua Alhamisi saa nane mchana. Kondo la nyuma lilitoka salama, na kwa macho yangu, dada, damu ilionekana ya kawaida. Ningeandika hivyo kwenye faili. Lakini damu ilikusanywa, na mwanafunzi aliyeshika jagi alisema imefika kwenye utepe. Inchaji hakubishana. Mmoja alisugua tumbo ili mfuko wa uzazi ujikaze, mwingine akachoma sindano ya kuukaza, wa tatu akaweka dripu na dawa ya kuzuia damu, na Inchaji akatafuta kama amechanika mahali. Yote yalikwenda kwa wakati mmoja. Mfanyausafi alisimama pembeni na ndoo yake kavu, akimwambia binti yako, "Mama, angalia mimi. Usilale." Damu ilipungua, kisha ikakoma. Hakuongezewa damu ya mtu.*

*Safari ya kwanza nilikuficha kwamba nilikuwepo na sikuona kitu. Nisamehe. Nilikuwa natazama, na kutazama hakukutosha.*

*Leo amekula matoke sahani mbili na kunilalamikia kwamba supu haina chumvi. Mtoto ananyonya vizuri. Panda basi la Jumamosi, usingoje mwisho wa mwezi. Usiku huniita mimi, lakini anayemtaka ni wewe.*

*Mdogo wako*