Mama Chebet alitaka ramp, mimi nikamwambia tutambeba

Wakuu, salamu kutoka Konoin, upande wa Boito. Haya niliyaona kwa macho yangu na sehemu kubwa ni makosa yangu, kwa hivyo siongezi chumvi.

Mimi ni katibu wa kituo chetu cha kununua majani chai. Kwa wale hamjui, ni jukwaa la simiti lenye paa la mabati, limeinuliwa ili lori ya kiwanda ipakie vizuri. Kupanda ni ngazi tano.

Mama Chebet, mkulima mwenzetu, anatumia wheelchair. Miaka yote tumempandishia majani yake, tukaona huo ni upendo wa kutosha.

Mwaka jana akaamua kugombea uenyekiti wa kituo. Wiki mbili kabla ya kura akaniambia, "Katibu, wekeni ramp, nipande mwenyewe na wheelchair. Hata ya mbao."

"Mama, usijali. Siku hiyo tutakubeba."

"Mimi si gunia la majani, katibu."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Siku ikafika. Sisi hupiga kura ya mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa. Mama akakataa kubebwa, akabaki kwenye nyasi. Mpinzani wake, mzee Kiplangat, alikuwa jukwaani. Laini ya mama ilikuwa ndefu, wakuu. Ndefu kabisa.

Halafu mvua yetu ya saa nane ikashuka.

Mmoja akakimbilia mabati, akaishia laini ya Kiplangat. Wa pili. Jirani yake mwenyewe akapiga kelele, "Mama, nisamehe, kifua changu hakitaki maji!" Watu wakacheka.

Ningesema tungoje mvua iishe. Sikusema. Nilihesabu laini vile zilikuwa, nikaandika Kiplangat.

Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma. Ukibebwa, unangoja mwenye mikono akumbuke. Ukiwa na njia yako, unaingia ukitaka na kutoka ukitaka. Nilikuwa nimesoma hiyo sheria, lakini sikuielewa.

Ramp tulijenga mwezi uliopita. Nikaenda kwake kumwambia, na kumwomba agombee tena. Alinipa chai, akasema polepole, "Asante, katibu. Lakini uenyekiti tafuteni mwingine. Nilishawaona mkikimbia."



Wakuu, kama kanisa lenu, shule ama ofisi ya chifu iko na ngazi, ulizeni leo ni nani anabaki nje. Bado mko na wakati.

Na kama umewahi kumkosea mtu hivi, kisha akakuamini tena, niambie ulifanyaje. Nitasoma kila comment.