Draiva ya Majirani

Niliporudi Boito na diploma ya kompyuta, niliyoisomea usiku huku mchana nikiosha vyombo hotelini Nairobi, nilitangaza kwamba ratiba za harusi ya dada yangu nitazichapa mwenyewe. Kompyuta yangu hutumia mfumo wa Linux, na printa haielewani nayo bila draiva, programu ndogo ya kuziunganisha. Kulikuwa na draiva ya kampuni iliyotengeneza printa, na nyingine iliyoandikwa bure na watu wa kujitolea. Mtu wa kiwango changu hachukui vya bure. Niliweka ya kampuni.

Asubuhi ya harusi printa ikanyamaza. Nilikuwa nimeweka toleo jipya la Linux, na kampuni ilishaacha kuishughulikia draiva yake. Wageni kutoka Londiani walikuwa tayari kanisani, hawana ratiba.

"Hii chai yetu," mama akaniuliza nilipomweleza habari za draiva zote mbili, "hupaliliwa na kiwanda ama na majirani?"

"Majirani, mama."

"Basi ita majirani!"

Nikaweka ile ya bure. Karatasi zikatoka mpaka ya mwisho.

"Hao watu wanakaa wapi?" mama akauliza. "Mtu akikulimia haendi bila mursik, maziwa yetu ya kibuyuni."

"Wametawanyika dunia nzima, mama."

"Hicho si kisingizio."

Jumatatu niliwaandikia kwamba draiva yao inaiweza printa yangu, ambayo haikuwa kwenye orodha yao. Sasa imo, na imeandikwa kwamba aliyeijaribu ni mimi. Mama, hata hivyo, bado amewatengea kibuyu.