Nilijipima kwa Damu ya Mke Wangu

Mimi ni fundi wa rangi, na siwezi kupaka ukuta wenye unyevu. Nimegombana na wenye nyumba wengi pale Mugutha kwa sababu hiyo. Mtu anataka kuhamia Ijumaa, plasta haijakauka, anakwambia paka tu, kwani nani ataona. Nakataa, nabeba brashi zangu naenda. Kwa hivyo usinihurumie ukidhani sikujua maana ya kungoja.

Kanisa letu la Ruiru halitangazi ndoa bila cheti cha kupimwa Ukimwi. Wachumba wanaenda pamoja, wanaleta karatasi, pasta anaitia kwenye faili, ndipo majina yanasomwa Jumapili tatu mfululizo. Sheria nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi ni na mimi mwenyewe, kwa sababu siku tuliyoenda kupimwa zilikuwa zimepita siku kumi na nane tangu nilale na mwanamke mwingine huko Thika. Nilikuwa napaka duka jirani na la kwake, tukazoeana, na Jumamosi moja mchana nikaenda kwake. Hatukutumia mpira. Simsemi vibaya, hakunilazimisha.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ningekimbia hospitali ndani ya siku tatu, ningepewa dawa za mwezi mmoja za kuzuia. Siku hizo tatu nilizimaliza nikijiambia kwamba alionekana mwenye afya. Wiki mbili zilipofika nikashikwa na homa na vidonda mdomoni, nikalaumu harufu ya rangi.

Nesi aliyetupima alikuwa mama wa makamo, mpole lakini wa maneno machache. Alitudunga vidole, tukakaa tukikodolea macho vile vipimo viwili mezani. Mstari mmoja kwangu, mstari mmoja kwake. Mchumba wangu akaweka mkono kwenye goti langu. Nesi akasema majibu ya wote wawili ni hasi, halafu akaongeza, "Lakini kipimo hiki hakioni maambukizi ya juzi. Inachukua wiki kadhaa kabla hayajaonekana. Kuna yeyote kati yenu aliyejiweka kwa hatari hii miezi mitatu?"

Mchumba wangu alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama ni mwizi. "Hapana, sista."

"Hapana," nikasema na mimi. Ningesema nini, na mkono wake bado uko kwenye goti langu?

Nesi akajaza vyeti. Akasema mtu akikumbuka jambo lolote, arudi miezi mitatu ikiisha, hata peke yake. Niliona kama ananitazama mimi. Labda hakunitazama.

Tukafunga ndoa, tukapanga nyumba Kiuu. Miezi mitatu iliisha nikiwa nafanya kazi Theta, nikaenda kliniki kweli, sidanganyi. Nilifika mpaka kwenye benchi. Hapo nikamkuta mama mmoja wa kwaya yetu amekaa anangoja kuitwa, akanisalimia, nikamwambia ati nilikuwa natafuta choo. Niligeuka nikarudi kwa rangi yangu. Niliogopa macho ya mama wa kwaya kuliko nilivyoogopa ugonjwa, na hadi leo nikikumbuka nasikia hasira ya kujipiga makofi.

Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeficha, na bado mke wangu akashika mimba. Alipoanza kliniki wakampima, akarudi na kile kijitabu cha mama na mtoto, kimeandikwa hasi. Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao wanaume wa kazi za mjengo tunaufanya kila siku tukiuita akili. Muulize fundi yeyote kama amepimwa, atakujibu, "Mama alipimwa kliniki, tuko sawa." Nikajiambia vivyo hivyo: kama yeye hana, mimi nitakuwa nayo vipi? Hakuna fundi anayepima chumba cha jirani ndio anunue rangi ya chake, lakini mimi nilifanya hivyo na damu. Sikumuuliza mtu kama mume anaweza kuwa nayo na mke bado hana. Ningeuliza, ningeambiwa anaweza, na kwamba kila siku ninayongoja ni hatari kwake.

Mimba ikiwa ya miezi minane wakampima tena, kama wanavyowapima wote. Siku hiyo mvua ilikuwa imetukatiza kazi, nilikuwa nyumbani alipoingia. Alikaa kitandani na viatu vyake vyenye matope.

"Wamepima, wakarudia na kipimo kingine, na kingine," akasema. "Niko nayo."

Akanionyesha dawa. Alikuwa ameambiwa aanze siku hiyo hiyo, akizimeza kila siku mtoto anaweza kuzaliwa bila virusi, na mimi niende nipimwe haraka. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe," akasema. "Sijui nimeitoa wapi. Labda ni zile sindano za kushonea nywele saluni. Si sisi tulipimwa pamoja tukawa sawa? Nakuapia hakuna mwanaume mwingine."

Nilijua. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa najua. Mdomo wangu ukafunguka, nikamwambia, "Nimekusamehe."

Siku nne nilikaa hivyo. Siku nne mke wangu alitenga kikombe chake na vyangu, ingawa nesi alimwambia virusi haviambukizwi kwa kikombe. Alilala ukingoni mwa kitanda na tumbo lile, akiniomba niende nipimwe, angalau mtoto awe na mzazi mmoja mzima. Siku ya tano nilienda peke yangu. Nilijibu kila swali nililoulizwa, na mistari ikawa miwili.

Nikarudi nikamweleza yote: yule mwanamke, zile siku kumi na nane, ile benchi. Nilitaka anitukane. Nilitaka anitupie kitu, niseme ugomvi umeanza. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, akaendelea kuzikunja mpaka zikaisha. Kisha akaniangalia.

"Na ukanisamehe," akasema.